Mume Wangu wa Dukani: Sofa la Kona

Kwanza niwajibu mnaonisimamisha barabarani kuniuliza: hapana, mume wangu hajarudi. Kitanda alikichukua, kabati akalichukua, na yule mwanamke akamchukua yeye.

Kwa aliyechelewa kuanza kusoma safu yangu hii ya gazeti, habari yangu ni fupi. Niliachwa. Nikahamia chumba kimoja cha kupanga chenye godoro na kiti cha plastiki. Nikapata kibarua cha kufagia katika duka kubwa la samani, na huko nikakutana na mkosi wangu wa pili, uliokuja na sura ya bahati.

Mwenye duka tunamwita Madamu. Samani zake ni za kisasa hasa, zile unazoziona kwenye picha ukajiuliza wenyewe wanakaa wapi. Watu walikuwa wanaingia, wanatazama, wanatoka. Hata kukaa waliogopa.

"Kochi tupu linatisha," Madamu alisema. "Likikaliwa na mtu, mwingine naye anataka kukaa. Nataka familia pale mbele."

Familia ikawa mimi na Dereva, yule anayeendesha lori la kupelekea wateja mizigo. Kila Jumamosi na Jumapili, lori likiwa limepumzika, Dereva alivua kofia, akavaa shati la mikono mirefu, tukaketi kwenye sebule ya maonyesho pale karibu na dirisha kubwa. Mke na mume. Televisheni yetu ilikuwa ganda tupu. Vitabu vilikuwa majalada yasiyo na kurasa. Matunda yalikuwa ya plastiki. Kitu cha kweli mle ndani kilikuwa chai.

Masharti yalikuwa mepesi: kaeni kama mko kwenu, ongeeni taratibu, mteja akiuliza mjibuni kama wenye nyumba.

Basi mimi nikajibu kama mwenye nyumba.

"Hii meza ya kioo vipi, mama?" mteja mmoja aliniuliza.

"Nzuri sana, kama huna watoto, huna wageni na hupendi kula," nikamwambia. "Mimi nikila sitaki kuona miguu ya watu chini ya mboga yangu."

"Na kitanda kile?"

"Kile kimelala sakafuni, hakina hata uvungu. Sanduku utaweka wapi? Mtaka cha mvunguni atainama wapi?"

Madamu alinikodolea macho kutoka kaunta, nikajua kazi imekwisha. Lakini mteja alicheka, akaniuliza sasa anunue nini, nikamwonyesha meza ya mbao yenye droo pembeni, akainunua. Aliyefuata naye akanunua. Baada ya muda watu wakawa wanakuja Jumamosi makusudi, kumsikiliza mama anayeponda vitu vya nyumbani kwake.

Nilikuwa na neno kwa kila kitu. Stuli ndefu za jikoni: mtu mzima ananing'iniza miguu kama mtoto anayesubiri kunyolewa. Kabati la milango ya vioo vya kujitazamia: nani anataka kuamka na huzuni yake halafu aione kuanzia utosini mpaka kwenye vidole? Jiko lisilo na ukuta: ukiunguza kitunguu, wageni wanajua kabla yako. Rangi ya kijivu, ambayo Madamu anaiabudu: wingu lisilonyesha.

Kitu kimoja sikuwahi kukiponda. Sofa la kona.

"Hili lina akili," nilimwambia Dereva siku moja, yeye yuko upande wake na mimi upande wangu. "Kochi la kawaida mnakaa mstari kama mnasubiri daktari. Hili watu wawili wakikaa kwenye kona magoti yanakutana, na hakuna anayeweza kusema mwenzake ndiye kamfuata."

Alitazama magoti yetu. Yalikuwa yamekutana.

"Kweli," alisema. Goti lake akaliacha pale pale.

Nakiri, wasomaji wangu. Katikati ya wiki nilikuwa nafagia tu na kuvuta pumzi. Maisha yangu yalikuwa Jumamosi na Jumapili.

Siku moja alisinzia kwelikweli, alikuwa ametoka safari ya mbali na mzigo. Nikavuta ile shali iliyotandazwa kwenye mkono wa sofa, nikamfunika. Lebo ya bei ikaning'inia chini ya kidevu chake. Wateja walicheka, wengine wakapiga picha. Tangu niachwe sikuwa nimemfunika mtu.

Alipoamka aliishika ile lebo, akaisoma.

"Ghali hivi, mke wangu?"

"Unastahili, baba," nikamjibu, na watu wakacheka tena.

Pale kwenye sebule aliniita mke wangu. Tukishafunga duka aliniita dada. Nikajiambia hiyo ni aibu tu, mtu mzima harukii maneno. Sikumuuliza kwake anaishi na nani. Nilikuwa na jibu ninalolitaka, nikaona nikiuliza nitalipoteza.

Wiki hii iliyopita Madamu akatuita ofisini.

"Sebule yenu inaondoka," alisema. "Imenunuliwa yote. Sofa, zulia, taa, mpaka mapazia."

Nikauliza upesi, "Kainunua nani?"

Madamu alicheka, akamwonyesha Dereva kwa kidole. "Muulize mumeo."

Dereva alikuwa anatazama viatu vyake. "Madamu amenipa bei ya wafanyakazi," alisema. "Nimeona tu kwamba... mtu huwezi kukaa dukani maisha yote."

Mtu huwezi kukaa dukani maisha yote! Maneno hayo nililala nayo, nikaamka nayo, nikafagia nayo sakafu yote ya duka.

Tulipotoka ofisini alinifuata mpaka stoo ya mafagio.

"Nina ombi," alisema. "Jumapili mzigo unaingia nyumbani. Naomba uje unipangie. Mimi nitaweka kochi katikati ya njia bure. Wewe ndiye unayejua nyumba inavyotakiwa kukaa."

"Nitakuja," nikasema, hata hajamaliza.

Mnanicheka? Chekeni. Jumapili asubuhi nilikwenda kwa jirani kuazima pasi, gauni mkononi, naye hakunipa hivi hivi.

"Gauni la buluu?" alisema. "Kuna nini?"

Nikamweleza. Akanisikiliza, pasi bado kaishika yeye.

"Amekuambia anakupenda?"

"Ameniambia mtu hawezi kukaa dukani maisha yote."

"Hilo ni tangazo, siyo mapenzi."

"Amenunua sofa la kona, jirani. Lile lile nililolisifia mimi."

"Usikate kanzu kabla mwana hajazaliwa," akasema. Lakini pasi alinipa, na shingoni alinifunga kitambaa chake mwenyewe, kwa sababu hata yeye alitaka niwe nimesema kweli.

Njiani nilikuwa naipanga ile sebule kichwani. Sofa lisogee mbali na dirisha, jua lisije kuchoma kitambaa. Taa iwe upande wake, maana anapenda kusoma gazeti. Zulia liishie pale miguu yangu inapofika.

Anakaa ghorofa ya kwanza, ngazi zake nyembamba. Nilipofika, lori lilikuwa limeegeshwa chini, Dereva na utingo wake, baba mmoja wa miraba minne, wanafungua kamba za sofa.

"Tangulia juu," Dereva aliniambia. Alikuwa anatabasamu. "Bisha tu, utafunguliwa."

Nilikuwa na furaha kiasi kwamba sikujiuliza nitafunguliwa na nani.

Nilibisha. Mlango ukafunguliwa na mwanamke.

Alikuwa wa rika langu, futi ya fundi cherehani ikimning'inia shingoni, pini mdomoni. Akazitoa zile pini.

"Karibu, dada," alisema. "Wewe ndiye wa dukani. Ameniambia unakuja kutupangia."

Nikabaki kwenye kizingiti. "Na wewe mwenzangu ni...?"

"Mchumba wake. Harusi ni mwezi ujao. Kwani hajakuambia?"

"Ameniambia," nilidanganya. "Hongera sana."

Niseme jambo hili kama lilivyo: iliniuma kuliko kuachwa. Mume wangu alipoondoka alibeba vitu. Huyu nilimpa mwenyewe, Jumamosi baada ya Jumamosi, kila ninachojua kuhusu nyumba, naye akaenda kumjengea mwingine.

Nikaingia, ningefanya nini? Sebule ilikuwa tupu, imepakwa rangi mpya, njano ya kutulia.

"Mimi nilitaka kijivu," yule mwanamke alisema alipoona natazama kuta. "Akakataa kabisa. Ati ni wingu lisilonyesha."

Nikaugusa ukuta kuona kama rangi imekauka.

"Nikataka meza ya kioo. Akasema yeye akila hataki kuona miguu ya watu chini ya mboga. Nikapenda kitanda cha chini, akaniuliza mtaka cha mvunguni atainama wapi." Alicheka kidogo, kicheko kikaishia njiani. "Dada, mimi mtu huyu namfahamu tangu dada yake alipotukutanisha. Anakula amesimama. Kwake alikuwa anakalia kreti ya soda, na hakuona tatizo. Ameanza lini kuchukia meza ya kioo?"

Kwenye ngazi nilimsikia Dereva na utingo wanahangaika na mzigo. "Inua kwako! Kwako, kwako!"

"Labda amejifunza kazini," nilisema. Nikajifanya napima ukuta kwa hatua.

"Ndiyo. Kazini." Akaziweka pini zake dirishani, moja moja. "Nilikuja, dada. Jumamosi moja nilikuja dukani kwenu. Nikakaa kwenye stuli mojawapo, zile ndefu, nikawatazama. Hamkuniona. Mlikuwa mnakunywa chai."

"Ile ni kazi," nikasema. "Tunalipwa kukaa vile."

"Najua, Madamu wenu alinieleza, nikacheka na mimi kama wengine. Halafu nikakuona unampa kikombe. Ulikizungusha kwanza ili mkono wa kikombe uelekee kwake, na wala hukukitazama. Na yeye akakipokea bila kukitazama." Akaiweka pini ya mwisho. "Pale hakuna aliyekuwa analipwa."

Nilitafuta pa kukaa, na chumba kizima hakikuwa na kiti.

"Mimi si msichana," aliendelea. "Nimewashonea watu magauni ya harusi mpaka vidole vimeota sugu. Langu liko kwenye cherehani chumba cha pili, limebaki pindo. Sikukuita tugombane."

"Wewe ndiye uliyeniita?"

"Nilimwambia amlete yule mama wa dukani atupangie. Akafurahi kama mtoto, hakuuliza kwa nini." Akanisogelea. "Nataka kuambiwa ukweli sasa, wakati gauni bado naweza kulifumua. Unampenda?"

Wasomaji, nilikuwa na majibu mengi. Ningeweza kusema hapana, nikawapangia sebule yao, nikanywa soda yao, nikarudi kwenye kiti changu cha plastiki na heshima yangu. Ningeweza hata kuapa. Mimi niliachwa kwa ajili ya mwanamke aliyeingia kwenye nyumba isiyo yake, na sasa nilikuwa nimesimama mimi kwenye nyumba isiyo yangu, nimepiga gauni pasi.

Kwa wiki nyingi nimemlaani yule mwanamke hapa gazetini, nanyi mmenisaidia kumlaani. Sikujua kwamba inaweza kuanza na kikombe cha chai.

Nilimtazama yule fundi cherehani usoni. Alikuwa na macho ya mtu aliyekwisha kulia zamani.

"Hajawahi kunigusa," nikasema. "Wala hajawahi kuniambia neno."

"Sikukuuliza habari zake. Nimekuuliza zako."

"Basi ndiyo," nikasema, na machozi yakanitoka papo hapo, mbele yake, bila aibu. "Nampenda. Mungu anisamehe, nampenda. Na leo nilikuja nikidhani sebule hii ni yangu."

Nilitegemea kofi. Nilitegemea kelele za kuita majirani. Lakini macho yake hayakuwa kwangu tena. Alikuwa anatazama nyuma yangu.

Nikageuka.

Sofa la kona lilikuwa limeingia nusu mlangoni na kukwama. Fremu yake ni ya chuma, kipande kimoja, haifunguliki. Wanaoyabuni makochi haya sijui kwao wanapita wapi, maana mlango wa mtu wa kawaida hawaujui. Na upande wa ndani, mgongo ukiwa umelowa jasho, mikono imeishika ile kona, alikuwa Dereva. Alikuwa ameingia kinyumenyume akivuta, na sasa ameacha kuvuta.

Alikuwa amesikia. Alikuwa ameinamisha kichwa kama mtoto aliyekamatwa.

Nilitaka kukimbia. Nikautazama mlango, na mlango umejaa sofa kutoka ubao hadi ubao. Mimi sikuwa na pa kupita, na yeye hakuwa na pa kurudi. Tulikuwa watatu kwenye sebule tupu, na kochi zuri kuliko yote duniani limetufungia ndani.

"Naomba nieleze," Dereva alisema.

"Kumweleza nani?" mchumba wake akamuuliza, taratibu. "Sema kwanza unamweleza nani. Mimi, au yeye?"

"Wote wawili..."

"Hapana. Mwenzangu amejibu, na kujibu kumemuuma kuliko kutakavyokuuma wewe. Sasa ni zamu yako. Na usinitajie kazi."

Dereva alimtazama. Kisha akanitazama mimi. Nilimwomba Mungu asiniite dada. Nilimwomba Mungu pia aniite dada, yaishe, nirudi nyumbani nikafe polepole kwenye kiti changu. Midomo yake ilianza neno, ikaliacha, ikaanza jingine.

Nje kwenye ngazi, utingo alikuwa hajui lolote. Tuliona ncha za vidole vyake tu, zimeshika ukingo wa sofa, zinaanza kuteleza.

"Bosi!" akapaza sauti. "Mikono inakatika huku! Sema moja: nisukume liingie ndani, au tulirudishe lilikotoka?"

Mchumba alikunja mikono kifuani. Mimi nilikuwa nimeshika kitambaa cha jirani shingoni kama vile ndicho kinachonishikilia nisianguke.

"Bosi, jibu basi!"

Dereva akavuta pumzi, akaliachia sofa, akamgeukia mmoja wetu, akajibu.